Sura ya 6: Kiboko Ana Njia Yake

Katika kitabu cha wanyama cha Dungeons & Dragons, toleo la 2014, simba amepewa pointi 26 za uhai na mwanakijiji wa kawaida amepewa 4. Msomee mtu wa Kibiti namba hizo, atacheka kidogo, kisha atanyamaza. Kati ya 2002 na 2004, Kibiti ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Rufiji, simba mmoja aliua watu wapatao 35 katika vijiji vya wilaya hiyo. Watu wakambandika jina la Osama. Alipouawa Aprili 2004 alikutwa ni dume kijana asiye na manyoya ya maana shingoni, na chini ya gego lake kulikuwa na jipu kubwa. Hakuwa jitu. Kwa hesabu za kitabu kile alikuwa simba wa kawaida, pengine pungufu kidogo kwa ajili ya jino.

Kwa aliyefungua kitabu hiki hapa katikati, niseme haraka mchezo wenyewe ulivyo. Watu wanne au watano wanakaa mezani, au mkekani. Mmoja ni msimulizi, anayeeleza dunia ilivyo. Kila mmoja wa waliobaki anaishi ndani ya mhusika wake na kusema anafanya nini. Jambo likiwa na mashaka, dadu inarushwa. Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha mchezo wa kwanza wa aina hii Marekani mwaka 1974, na wanyama wakubwa hawakuchelewa kuingia: kitabu cha wanyama cha 1977 kilikuwa na dinosaria kurasa kwa kurasa, na mwaka 1981 kikatoka kisa cha *The Isle of Dread*, kisiwa kizima chenye dinosaria, ambacho wasimulizi wengi duniani wamekikopa na kukibadilisha mpaka leo.

Tatizo la vitabu hivyo ni kwamba vinampima mnyama kwa mapigano. Ana uhai kiasi gani, anauma kwa nguvu gani, ngozi yake inazuia nini. Msimulizi anayetaka kumtisha mchezaji anajikuta anaongeza sifuri. Simba wa pointi 26 anakuwa simba wa 260, mamba anarefushwa mpaka anakosa mto wa kumtosha, na wachezaji wanaendelea kumkatakata kwa utulivu wa fundi seremala. Nashauri kitu kingine: kabla hujamwandikia mnyama namba hata moja, andika anataka nini, anapita wapi, na saa ngapi. Na kwa kazi hiyo sijui shule nzuri kuliko delta ya Rufiji.

Turudi kwa Osama. Kando ya Rufiji mkulima wa mpunga na mahindi hawezi kulala nyumbani mazao yanapokaribia kuiva. Anajenga dungu shambani, kibanda juu ya nguzo, na huko analala na familia yake wiki kwa wiki akifukuza nguruwe pori, ngedere, ndege, na kiboko akijaliwa ujasiri. Craig Packer na wenzake Watanzania, Dennis Ikanda na Bernard Kissui, wakiwa na Hadas Kushnir, walichapisha mwaka 2005 hesabu ya simba kushambulia watu nchini: tangu 1990, zaidi ya watu 560 waliuawa na zaidi ya 300 kujeruhiwa. Mashambulizi yalizidi miezi ya mavuno, Machi hadi Mei, na yalizidi mahali ambapo mawindo mengine yamepungua na nguruwe pori ndio waliobaki kwa wingi. Nguruwe anafuata mahindi, simba anamfuata nguruwe, na mtu amelala hapo katikati, mara nyingi kwenye kibanda cha makuti kisicho na mlango wa kusema ni mlango.

Mnyororo huo umetimiza kazi yote ya msimulizi. Una mahali, una msimu, una sababu ya watu wema kukaa katika hatari badala ya kwenda zao. Mchezaji akiuliza, "Kwa nini wasihame?" jibu lipo: wakihama, nguruwe atavuna.

Utafiti wa pili wa Packer na wenzake, wa 2011, umeongeza jambo ambalo mimi ningelilipia. Waliangalia mashambulizi hayo kwa tarehe za mwezi. Usiku wa hatari zaidi ni zile siku zinazofuata mwezi mpevu, kwa sababu mwezi unachelewa kuchomoza na saa za kwanza baada ya magharibi zinabaki giza tupu, watu wakiwa bado nje, wanakoga, wanapika, wanatembeleana. Simba ana njaa pia, maana siku za mwangaza mawindo yalimwona.

Sasa kumbuka kwamba katika delta mwezi huohuo ndio unaoendesha maji. Mvuvi wa Nyamisati au Mbwera anajua bamvua kwa tarehe za mwezi mwandamo: maji makubwa yanakuja mwezi mpevu na mwezi mchanga, na katikati yake ni maji mafu. Kwa hiyo weka mezani karatasi moja yenye duara 30, moja kwa kila usiku, na komwe moja juu ya usiku wa leo. Usiku wa 14 hadi 16, maji yanapanda mpaka kwenye mizizi ya mbali ya mikoko na mtumbwi unapita mahali ambapo jana palikuwa njia ya miguu. Kuanzia 17, giza la mapema, na simba. Wachezaji wakishaizoea karatasi hiyo wataanza kupanga safari kwa kuitazama, bila wewe kuwaambia lolote. Ndani ya siku moja pia maji yanakupa saa: kwa muda wa saa sita hivi yanajaa, kwa muda wa saa sita hivi yanakupwa, na kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Sijaona kanuni ya kitabuni iliyobana wachezaji vizuri kama upondo unaogusa tope.

Kiboko ndiye mnyama wa kuanzia, kwa sababu kila mtu anadhani anamjua. Ana tani moja na nusu, dume kubwa linapita mbili. Mchana yumo majini. Jua likizama anatoka kula majani, kilo 40 hivi kwa usiku, na anatumia njia ileile mpaka inakuwa mfereji. Kabla ya alfajiri anarudi majini. Akiamua kukimbia anafikia kilomita 30 kwa saa, na hakuna mchezaji mwenye mhusika wa kumshinda kwa hilo. Lakini hawindi mtu. Anaua aliyekaa kati yake na maji, au aliyempitia juu kwa mtumbwi bila taarifa. Kwa hiyo kabla ya mchezo chora ramani ya shamba, na juu yake chora njia mbili tatu za kiboko kwa penseli hafifu. Wanaouliza wataonyeshwa. Wasiouliza, shauri yao.

Mfano wa mezani uwe hivi. Wahusika wako kwenye dungu la bibi mmoja, mpunga umefika kiunoni.

"Jua limezama," anasema msimulizi. "Upande wa nchi kavu mnasikia kitu kinakata majani. Kinakata, kinatulia, kinakata."

"Nashuka na tochi," anasema anayecheza kijana wa mjini. "Nikaangalie."

Msimulizi anabadili sauti, sasa ni bibi: "Mjukuu wangu, mto uko upande gani?"

"Nyuma yetu, bibi."

"Na yeye?"

"Mbele."

"Haya. Shuka basi, tukuone."

Hapo hakuna dadu iliyorushwa, na kila mtu mezani ameshajua kijana akishuka atasimama wapi. Wanaanza kubishana: wamsubiri mpaka alfajiri, mpunga uishe? Wapige debe, wamfukuze, lakini akimbilie wapi kama si huku waliko? Hatari imekaa kwenye ramani, si kwenye meno. Pointi za uhai za kiboko sikuziandika na hakuna aliyeziulizia.

Mamba anataka kanuni tofauti, kwa kuwa yeye ni wa subira na mazoea. Watu anaowapata zaidi ni wachota maji, wanaooga, wanaofua, wavuvi wa kusimama majini: wale wanaorudi mahali palepale saa ileile. Ndiyo maana penye mamba wengi watu hupigilia miti majini kuzungushia sehemu ya kuchotea. Basi kila mara wachezaji wanapotumia bandari moja ya mtoni, weka komwe moja hapo kwenye ramani. Kisha rusha dadu ya ludo, ya pande sita. Ikitoka namba sawa na idadi ya komwe au chini yake, mamba amekuja. Safari ya kwanza ni bahati mbaya moja kati ya sita. Safari ya tatu ni nusu kwa nusu. Wakihama bandari, toa komwe moja kwa kila siku iliyopita. Kanuni nzima inaandikika nyuma ya tiketi ya basi, na inawafundisha wachezaji kuogopa uvivu wao wenyewe.

Mafuriko yanaivuruga kanuni hiyo kwa makusudi. Maji yalipofunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti Aprili 2024, swali la bandari lilikwisha, kwa sababu kila mlango ulikuwa bandari. Ukicheza msimu wa mafuriko, mwaga komwe ramani nzima.

Na ukitaka mamba jitu? Walikuwapo wa kweli, huna haja ya kubuni. Ziwa Turkana lilikuwa na *Crocodylus thorbjarnarsoni*, aliyetangazwa 2012, ambaye huenda alizidi mita 7 na nusu. Olduvai kwetu kulikuwa na *Crocodylus anthropophagus*, aliyetangazwa 2010, na mifupa ya binadamu wa kale iliyokutwa huko ina alama za meno ya mamba. Lakini kabla hujaongeza urefu, fanya hesabu. Mnyama akirefuka mara mbili kwa umbo lilelile, uzito wake unakuwa mara nane, ilhali unene wa mguu unaombeba, ukiukata na kuupima, umeongezeka mara nne tu. Jitu halina wepesi wa mdogo wake. Linahitaji maji mengi ya kulibeba, na katika delta maji mengi hayakai. Mamba wa mita 5 anaweza kukusubiri kwenye kijito. Wa mita 10 atakwama hapo maji yakikupwa. Kwa hiyo anabaki mlango mkubwa wa mto, au anaingia ndani usiku wa bamvua peke yake. Tazama tena karatasi ya duara 30.

Historia ya delta inao uwindaji mmoja wa jitu, ingawa lilikuwa la chuma. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, kisha ikarudi kujificha katika mikono ya Rufiji. Meli ya urefu wa mita 115 ilikaa humo miezi. Waingereza walikuwa na meli kubwa zaidi nje baharini na hazikufaa kitu, kwa sababu hazikuweza kuingia kwenye kina kifupi. Mikoko iliwaziba macho. Ilibidi ziletwe meli mbili ndogo zenye matumbo bapa, Severn na Mersey, pamoja na ndege za kuonyesha makombora yanaangukia wapi. Jaribio la tarehe 6 Julai 1915 halikumaliza kazi. La tarehe 11 lilimaliza. Msimulizi anayeandaa uwindaji wa mnyama mkubwa asisome vitabu vya mazimwi, asome miezi hiyo: kumfikia kulichukua muda mrefu kuliko kumpiga, na swali kubwa lilikuwa kina cha maji.

Tumefika kwa dinosaria, ambao kwa kawaida ndio wanaoombwa kwanza na mimi nimewaweka mwisho kwa sababu hawana ugumu ukishamwelewa kiboko. Hatuna haja ya kuwaagiza kutoka Marekani. Kusini mwa Rufiji, mkoani Lindi, kipo kilima cha Tendaguru, ambako mwaka 1906 mhandisi Bernhard Sattler alitoa taarifa ya mifupa mikubwa iliyotokeza ardhini. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin ilichimba, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig na baadaye Hans Reck, lakini waliochimba hasa ni mamia ya wenyeji wakisimamiwa na Boheti bin Amrani. Vita vya Majimaji vilikuwa vimeisha juzi tu na njaa yake ilikuwa bado inakumbukwa. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa kwa vichwa na mabega mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa. *Giraffatitan* anayesimama Berlin leo, mita 13 na sentimita 27 kwenda juu, alitoka huko. Hicho chenyewe ni kisa cha kuchezwa, bila mnyama hai hata mmoja: wachezaji ni wapagazi, mzigo ni mfupa wa paja, na mwenye kitabu cha malipo ni Mjerumani. Siku moja mtu atakiandika vizuri.

Sasa jambo linalofanya delta iwe jukwaa halali. Tendaguru ya miaka milioni 150 hivi iliyopita haikuwa pori la bara kama picha zinavyopenda. Ilikuwa pwani. Tabaka za mifupa zimepishana na tabaka za bahari zenye makombe. Kulikuwa na wangwa, mafungu ya mchanga, maji yanayojaa na kupwa, misimu ya ukame. Ukimweka *Giraffatitan* kwenye milango ya Rufiji hujamhamisha mbali na maisha yake. Utabadilisha chakula tu: enzi zake hapakuwa na mikoko wala nyasi, alikula miti ya jamii ya misonobari. Amua kama anaonja mchu na mlilana au anapita kwenda msitu wa nchi kavu, maana jibu hilo ndilo linalochora njia yake.

Uzito wake usikusumbue. Mwaka 1962 Edwin Colbert alikadiria tani 78. Mwaka 2009 Michael Taylor akapata 23. Kama wataalamu wenye mifupa mkononi wanapishana hivyo, msimulizi anaruhusiwa kuandika "mzito sana" na kuendelea. Muhimu ni kwamba hana haja na watu. Hatari yake ni ya lori linalorudi nyuma.

Mwenzake wa Tendaguru, *Kentrosaurus*, ndiye kipenzi changu. Urefu wa mita 4 na nusu hivi, vibao mgongoni upande wa mbele, kisha miiba mirefu kuanzia kiunoni mpaka ncha ya mkia. Mkia huo una pingili karibu 40, na Heinrich Mallison, aliyepima mwendo wake kwa kompyuta, alionyesha kwamba uliweza kufagia nusu duara nzima nyuma ya mnyama. Kanuni yake basi huandiki kwa maneno. Kata nusu duara ya karatasi, iweke nyuma ya kete yake, na kila aliyesimama juu ya karatasi amepigwa. Kila zamu mnyama anageuka kuwapa mgongo walio karibu zaidi. Wachezaji watatumia usiku mzima kuzunguka kichwa chake, nao watajiona wajanja.

*Elaphrosaurus* ni mwembamba, mkimbiaji, na fuvu lake halijapatikana mpaka leo, kwa hiyo mdomo mpe wewe. Wala nyama wakubwa wa Tendaguru wanajulikana kwa meno na mifupa michache. Mimi nawaacha hivyohivyo: wachezaji wakute jino kwenye tope, basi.

Tope ndilo linalonipa kisa ninachokirudia zaidi. Baadhi ya miguu ya majitu ya Tendaguru ilikutwa imesimama wima ardhini, na waliochunguza waliona dalili ya wanyama waliozama wakashindwa kujinasua. Chukua hilo, ulete kwenye mkono mmoja wa Rufiji, mwendo mfupi kwa mtumbwi kutoka kijijini. Maji yamekupwa, *Giraffatitan* amekwama mpaka magotini katikati ya mkondo, yu hai, na shingo yake inafika mahali ambapo upondo haufiki. Maji yatarudi baada ya saa sita. Ni usiku wa 17.

Usiwaambie wachezaji la kufanya, waorodheshee tu wanaokuja. Wavuvi wanakuja kwa sababu amefunga njia ya mitumbwi na kamba walioko kwenye barafu wataharibika. Mamba wameanza kupanda. Mzee mmoja anasema mnyama wa namna hii haji bure, ametumwa, na kwanza aulizwe ni wa nani. Mpe mzee heshima yake, usimfanye kichekesho, kwa kuwa katika nchi ya Kinjikitile na Bokero habari za maji na kilichomo ndani yake ziliwahi kuwasha Vita vya Majimaji. Mwingine anasema ni nyama halali ikiwahiwa kuchinjwa, na ubishi wa nani anafikia shingo unaanza palepale. Wengine wanataka achimbiwe, maji yakija yamnyanyue. Kazi ya kuchimba ina kanuni: kila saa, kila mchimbaji anarusha dadu moja, na wakifikisha jumla ya 100 kabla ya maji, mguu mmoja umetoka. Naye ana minne.

Wakichagua kumwokoa, wape karatasi ya mwezi wahesabu bamvua. Wakichagua kumchinja, weka dadu pembeni kabisa: kugawa nyama ya mnyama wa tani 23 kati ya vijiji viwili ni mjadala wa mpaka asubuhi, na bibi wa dungu atataka sehemu yake ya mpunga uliokanyagwa.